Ujira wa Dereva katika Njia ya Garissa

Mtu atokaye Nairobi kwenda Garissa husafiri kilomita zipatazo 370, naye hauingii mji mpaka auvuke mto Tana. Reli haikufika huko kamwe. Dawa za hospitali, vitabu vya shule, vipuri vya pampu na mavazi ya arusi, vyote huletwa na madereva. Juu ya mabwana wilaya na askari wa upande ule yameandikwa mengi. Juu ya wachukuzi, machache mno. Hata hivyo yafaa kuuliza: gari lilipokwama, au dereva alipoumia, ni nani aliyemlisha?

Hapo zamani mizigo ilichukuliwa na ngamia. Mwenye ngamia alikuwa na mali yake mwenyewe, na akiona kwamba visima vya mbele vimekauka aliweza kuikataa safari. Dereva wa lori hana uhuru huo, kwa kuwa gari ni la mwingine. Isitoshe, katika utawala wa Waingereza hata njia yenyewe ilifungwa. Sheria ya mwaka 1902, na nyingine ya 1934, ziliiwezesha serikali kuwazuia watu kuingia au kutoka katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini bila ya kibali. Na kwa dereva cheti hicho kilikuwa na thamani sawa na petroli.

Vita vya pili vya dunia vilileta badiliko kubwa. Mapema mwaka 1941 majeshi ya Jenerali Cunningham yalivuka Tana kuwashambulia Waitaliano, yakauteka Kismayu tarehe 14 Februari, na Mogadishu tarehe 25 mwezi uo huo. Mwendo ule wa haraka usingaliwezekana bila ya malori ya maji, chakula na petroli. Miongoni mwa walioyaendesha walikuwamo Waafrika wa jeshi la uchukuzi la Afrika Mashariki. Hao walipata mshahara, posho, mavazi na matibabu, na waliweza kupeleka sehemu ya mshahara kwa jamaa zao. Lori likizama mchangani siku tatu, siku hizo zilihesabiwa kuwa za kazi. Sidhani kwamba madereva wengi wa raia wamepata kuhesabiwa hivyo tangu hapo.

Ikafuata taabu nyingine. Baada ya uhuru, vita vya Shifta viliendelea tangu 1963 hata 1967, na katika miaka ya mwisho mabomu yalifukiwa barabarani. Magari yakasafiri kwa msafara wenye askari. Vita vilikwisha, lakini sheria ya hali ya hatari ilidumu katika jimbo hilo hadi 1991. Kisha, baada ya majeshi ya Kenya kuingia Somalia Oktoba 2011, mabomu ya kutegwa yakarudi njiani. Tarehe 22 Novemba 2014 basi moja lilitekwa karibu na Mandera, na watu 28 wakauawa. Mabasi hayo ndiyo yachukuayo pia vifurushi vya watu, hata dereva wa abiria huwa ni tarishi vilevile.

Je, sheria zasemaje leo? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi mapumziko ya siku moja katika juma, na likizo ya siku 21 yenye malipo kila mwaka. Na kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda wa mwezi mmoja hahesabiwi tena kuwa kibarua. Sheria nyingine ya mwaka huo humlazimu mwajiri kuwakatia bima wafanyakazi wake, wapate fidia waumiapo kazini. Akiba ya uzeeni ilianzishwa tangu 1965. Ajabu iliyopo ni katika kima cha chini cha mshahara: hicho hupangwa kwa ukubwa wa gari na kwa mji. Dereva aliyeajiriwa Nairobi, azungukaye mitaani na kulala kwake kila usiku, amewekewa kima kikubwa kuliko mwenzake wa Garissa aendaye Wajir au Mandera. Hatari ya njia haimo katika hesabu.

Tena, wako madereva na matingo wasiolipwa kwa mwezi bali kwa safari. Mtu wa namna hiyo hupenda kwenda mbio na kulala kidogo, maana kila safari ni fedha. Na tajiri husifu bidii yake. Njia ikikatika, hasara humwangukia yeye kwanza. Aprili 2024 Tana ilifurika, ikaifunika barabara baina ya Madogo na Garissa. Watu na mizigo wakavushwa kwa mashua, na tarehe 28 mashua moja ikapinduka, watu wakafa maji. Malori yalisimama ng'ambo hii na ng'ambo ile, yakingoja maji yapungue. Wenye vifurushi waliuliza kila siku habari za vitu vyao. Dereva wa kulipwa kwa safari alikaa chini ya gari lake akipika chai, akilinda mali ya watu, na siku hizo zote hakuwa na senti ya kudai.