Swali la Wazee: Kanisa na Urithi wa Maradhi ya Akili

Kabla ya tangazo la ndoa kusomwa kanisani, wazee wa pande mbili huwa wamekwisha kuulizana mengi. Swali moja huulizwa kwa sauti ya chini: je, ukoo ule hauna kichaa? Sisi wachungaji tumelisikia mara nyingi. Na mara nyingine tumenyamaza uchumba ukivunjika kwa sababu ya shangazi aliyewahi kuugua akili, au mdogo wa binti asiyeweza kutulia katika Shule ya Jumapili. Swali hilo lina historia, na kanisa letu limo ndani yake.

Mwaka 1902 daktari wa watoto George Still alitoa mihadhara mbele ya madaktari wenzake huko London. Alieleza habari za watoto wenye akili timamu ambao hawakuweza kutulia, kuzingatia jambo wala kujizuia. Leo wengi wao wangehesabiwa kuwa na hali iitwayo ADHD. Still aliona kwamba hali hiyo huwapata hata watoto waliolelewa vizuri, na kwamba katika jamaa za baadhi yao kulikuwa na ulevi na maradhi mengine ya akili. Jambo hilo lilihitaji kuchunguzwa kwa upole.

Wengine waliligeuza kuwa hukumu. Huko Munich, Ernst Rüdin alichapisha mwaka 1916 utafiti wake juu ya urithi wa ugonjwa tunaouita leo skizofrenia. Alitafuta kanuni nyepesi, kama ile Mendel aliyoiona katika njegere, wala hakuipata. Hata hivyo alikuwa miongoni mwa walioandika ufafanuzi wa sheria ya Ujerumani ya Julai 1933, iliyoruhusu watu wenye maradhi yaliyodhaniwa kuwa ya kurithi kufungwa uzazi hata kwa nguvu. Watu wapatao 400,000 walitendewa hivyo. Kisha, kuanzia 1940 hadi Agosti 1941, wagonjwa zaidi ya 70,000 waliuawa kwa gesi.

Kanisa lilikuwa wapi? Mwaka 1931, kabla ya sheria hiyo, viongozi wa huduma za diakonia za Kiprotestanti walikutana Treysa. Walikataa kuua wagonjwa, lakini walikubali kwamba katika hali fulani wafungwe uzazi. Baadaye upasuaji huo ulifanywa hata Bethel, ile Bethel ambayo wamisionari wake walihubiri Usambara na Buhaya. Mashemasi wake walihudumu Lutindi, mahali palipoanza mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 pakawa pa kutunzia wagonjwa wa akili. Hao ni wazazi wetu katika imani.

Mauaji yalipoanza, Mchungaji Paul Gerhard Braune na Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh wa Bethel waliyapinga, na Braune akatiwa gerezani. Askofu Theophil Wurm aliiandikia serikali kuyakataa. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa, pale kanisa lilipokubali kwamba kuna koo safi na koo chafu.

Elimu ya leo imelibomoa wazo hilo. Mwaka 2013 watafiti wa nchi nyingi walilinganisha vinasaba vya watu wenye hali tano: ADHD, usonji, sonona, baipola na skizofrenia. Walikuta kwamba sehemu ya urithi wa hali hizo ni ya pamoja. Mwaka 2019 utafiti wa hali nane ulitaja maeneo 109 ya vinasaba yanayohusika na hali zaidi ya moja. Wengi wa waliopimwa walikuwa na asili ya Ulaya, kwa hiyo vipimo hivyo havifai kutabiri maisha ya mtoto wetu yeyote. Lakini funzo kuu liko wazi. Hakuna jeni moja ya kichaa. Kuna tofauti ndogondogo kwa maelfu, kila moja ikiwa na nguvu kidogo tu, nazo zimo pia katika damu ya watu wazima wa afya. Urithi una uzito mkubwa, hasa katika ADHD, ila hauamui peke yake nani ataugua. Mwenye kuuliza habari za ukoo wa jirani naye amebeba sehemu ya mzigo uleule.

Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, aliikataa mithali iliyowatwika watoto makosa ya baba zao. Wanafunzi walipomwona kipofu wakataka kujua ni nani aliyetenda dhambi, Bwana Yesu hakumtaja mtu, akamponya. Nasi, wazee wakiuliza tena, tusinyamaze. Tuwaambie kwamba shangazi yule aliugua, hakulaaniwa. Kwamba mtoto asiyetulia anahitaji mwalimu mwenye subira na daktari, si kutolewa nje ya darasa. Na tuwaambie kwamba kanisa letu liliwahi kuzitenga koo kwa damu yao, na waliolipia hawakuwa wachungaji.