Katakana na Maneno ya Kigeni katika Kijapani

Kila ashughulikaye na istilahi amewahi kukutana na swali hili: neno la kigeni likishaingia katika lugha, liandikwe namna gani? Sisi tuandikao Kiswahili kwa herufi za Kirumi hulitia neno irabu, tukalipachika viambishi, na baada ya miaka michache hakuna akumbukaye kwamba basi na tiketi vilitoka ng'ambo. Wajapani wana desturi nyingine. Neno la kigeni huandikwa kwa hati yake maalumu, katakana, na msomaji hulitambua kwa jicho kabla hajalitamka.

Hati hiyo haikubuniwa kwa ajili ya Kiingereza. Katika karne ya 9 watawa wa Kibuddha walichukua vipande vya herufi za Kichina ili waonyeshe, kandoni mwa maandiko yao, namna ya kuyasoma. Mwaka 1709 mwanachuoni Arai Hakuseki alimhoji padri Mwitalia, Giovanni Battista Sidotti, na katika kitabu alichoandika baadaye, Seiyo Kibun, majina ya Kizungu yamo kwa katakana. Hata hivyo, hadi Vita Kuu ya Pili ya Dunia sheria na nyaraka za serikali ziliandikwa kwa katakana pamoja na herufi za Kichina. Kuifanya iwe aghalabu hati ya maneno ya kigeni ni jambo la karibuni.

Katakana ni hati ya silabi, na isipokuwa n, kila silabi huishia kwa irabu. Kwa hiyo konsonanti zilizoandamana katika Kiingereza hazina budi kutenganishwa, kama zinavyotenganishwa mara nyingi na Mswahili. Neno la Kiingereza la mgomo likawa sutoraiki. Neno lile lile katika mchezo wa besiboli likawa sutoraiku. Irabu ya mwisho tu ndiyo itengayo maana mbili. Maneno ya zamani yalipokewa kwa sikio, si kwa kitabu: mishin ni cherehani, na merikenko ni unga wa ngano, yaani unga wa "Meriken". Msomaji wa pwani atakumbuka hapa kitambaa chetu cha merikani, kilichopata jina kwa njia iyo hiyo.

Wataalamu wa enzi ya Meiji, iliyoanza mwaka 1868, walikuwa na njia nyingine. Waliunganisha herufi za Kichina wakapata istilahi zenye kujieleza: simu ni denwa, yaani umeme na mazungumzo, falsafa ni tetsugaku, neno la Nishi Amane. Baada ya vita ufundi huo ulififia. Ilikuwa rahisi zaidi kuandika sauti kwa katakana na kuendelea na kazi.

Ndipo mabishano yakahamia kwenye tahajia. Kijapani hakina sauti v. Fukuzawa Yukichi alikwisha kuipatia alama katika kitabu chake cha mwaka 1860, kwa kuitia u nukta mbili. Ripoti ya Baraza la Lugha ya Taifa ya mwaka 1954 iliegemea b. Tangazo la Baraza la Mawaziri la tarehe 28 Juni 1991 liliiruhusu alama ya v, lakini likaiweka katika jedwali la pili, la sauti zinazotumiwa inapohitajika kuukaribia zaidi mtamko wa asili. Kisha mwaka 2019 serikali iliirekebisha sheria ya majina ya balozi zake, na Cabo Verde na Saint Kitts na Nevis zikarudishwa kwenye b. Miaka 159 kwa alama moja!

Urefu wa irabu nao ulileta taabu. Biru ni jengo, biiru ni bia. Hapo hapana hiari. Lakini katika konpyuutaa, wahandisi walifuata kanuni za viwango vya viwanda wakaiacha alama ya mwisho ya urefu, hali magazeti yaliiandika. Tangazo la 1991 halikuwalazimisha, kwa kuwa halikukusudiwa kuzifunga taaluma mbalimbali. Mwaka 2008 ndipo kampuni ya Microsoft ilipotangaza nchini Japani kwamba itaiandika.

Kwa maoni yetu, hasara kubwa ilikuwa kwingine. Tahajia iliyo nzuri haimwelezi msomaji maana. Mwaka 2002 Taasisi ya Taifa ya Lugha ya Kijapani iliunda kamati, nayo kufikia 2006 ilikuwa imependekeza maneno ya badala kwa maneno 176 ya kigeni. Mojawapo ni infoomudo konsento, jina la ridhaa ambayo mgonjwa huitoa baada ya kuelezwa matibabu yake. Mgonjwa aliombwa akubali jambo ambalo jina lake lenyewe hakulielewa! Kamati ilipendekeza maneno ya kawaida yenye maana ya "maelezo na kukubali".

Mwaka 2013 mzee mmoja wa miaka 71 alilishtaki shirika la utangazaji la NHK mahakamani Nagoya, akidai yeni milioni 1.41 kwa usumbufu wa kusikiliza vipindi vyenye maneno ya kigeni asiyoyafahamu. Mwaka 2014 mahakama iliyatupa madai yake.