Ndege wa Mkia Mweusi, Mgeni wa Jangwa la Oman

Katika majira ya baridi, majangwa ya Oman humkaribisha ndege mdogo, Oenanthe deserti, mwenye urefu wa sentimita 15 hivi na mgongo wa rangi ya mchanga, ambaye huhajiri kutoka nyika za Asia ya Kati, akatua juu ya jiwe au kijiti na kuvizia sisimizi na mende walio chini.

Alama yake dhahiri ni mkia, ulio mweusi karibu wote hata shinani, ilhali jamaa zake wana weupe mwingi zaidi. Na dume ana koo jeusi lililoungana na weusi wa mbawa, ingawa ncha hafifu za manyoya mapya hulififiza.

Ewe mtazamaji, simama mbali, usimfukuze. Subiri aruke mwenyewe, ndipo uutazame mkia.