Ridhaa ya Mgonjwa: Istilahi na Masharti Yake

Katika hospitali zetu, karatasi inayotangulia upasuaji huitwa fomu ya ridhaa. Mgonjwa akishaandika jina au kuweka dole gumba, husemwa ameridhia. Kwa matumizi hayo ridhaa imekuwa jina jingine la saini, ilhali istilahi yenyewe ina masharti.

Kwa Kiingereza ni informed consent, maneno yaliyopata nguvu mahakamani mwaka 1957 huko California. Martin Salgo alikuwa amepooza miguu baada ya kudungwa dawa ili mshipa wake mkuu wa damu upigwe picha. Mahakama ya rufani ilisema daktari hukiuka wajibu wake akificha mambo ambayo mgonjwa anayahitaji ili aamue kwa akili yake. Mwaka 2015, katika shauri la Nadine Montgomery, Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaweka kipimo: mgonjwa aelezwe hatari ambazo mtu wa hali yake angeziona nzito, hata kama madaktari wamezoea kuzinyamazia.

Kiswahili kina idhini na ridhaa. Idhini hutoka kwa mwenye mamlaka. Ridhaa hutoka kwa nafsi iliyotosheka, kwa hiyo inafaa zaidi hapa. Kinachopungua ni upande wa kuarifiwa, ndiyo maana napendekeza “ridhaa baada ya maelezo”. “Kuelimishwa” kungemfanya mgonjwa aonekane mjinga; “maelezo” yanaukumbusha upande wa pili kwamba unadaiwa.

Tuipeleke istilahi hii Makongolosi, mji wa wachimbaji dhahabu wilayani Chunya. Mchimbaji mwenye ngiri akipewa rufaa ya Mbeya, zaidi ya kilomita 100, si rahisi amchague daktari kwa jina. Ila anaweza kujua ni nani atakayemshika. Mtaani kila mvaa koti jeupe ni daktari, kumbe kuna tabibu, daktari msaidizi, daktari, na daktari bingwa wa upasuaji. Madaktari wasaidizi si wa kubezwa. Kwa miongo mingi ndio waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi katika wilaya zetu. Lakini goita kubwa inayobana koo ni kazi ya bingwa, na mgonjwa ana haki ya kujua yuko mikononi mwa nani.

Aulize basi, kwa heshima na bila kuona haya: “Samahani daktari, ni wewe utakayenipasua? Umeshafanya nyingi za namna hii? Nisipopasuliwa itakuwaje? Nitapewa nusu kaputi au ganzi ya mgongo? Lini nitaweza kurudi duarani na kubeba viroba vya mawe?” Kisha arudie kwa maneno yake alichoelewa, daktari amsahihishe.

Kurudia huku kuna kazi kubwa zaidi kwa mama. Kusafisha kizazi, kufunga kizazi na kutoa kizazi ni mambo matatu tofauti, lakini kwa mtu mwenye uchungu na hofu yanasikika kama ndugu wa tumbo moja. La kwanza huondoa mabaki, la pili huziba mirija, la tatu huondoa mfuko wenyewe wa uzazi. Aliyekubali moja hajakubali mengine.

Na nani akubali? Mtu mzima mwenye akili timamu huridhia mwenyewe. Mume au kaka akitia saini kwa niaba ya mwanamke anayeweza kusema, kilichopatikana ni idhini, si ridhaa. Mgonjwa asiyejitambua, ambaye kuchelewa kutamuua, huokolewa kwanza. Wengine wote wanabaki na haki ya kubadili nia hata baada ya kusaini, maadamu dawa ya usingizi haijaingia.