Cherehani na Nguo Nzito

Kabla cherehani haijafika katika pwani yetu, nguo ngumu ilikuwa na mafundi wake mahsusi, nao ni washona matanga, ambao tangu zama za mitepe, iliyokuwa ikienda kwa tanga la mkeka, hata zama za majahazi yaliyotweka matanga ya nguo, walishika shazia kwa mikono iliyokomaa, wakaupaka uzi nta usije ukaliwa na msuguano, wakapita tundu kwa tundu bila ya papara, kwani walijua kuwa mshono mbovu hudhihirika bahari ichafukapo. Miongoni mwa nguo ngumu za zama hizo ni marekani, iliyofumwa Massachusetts na kuletwa Unguja kwa marikebu za Salem, nayo ilitangaa zaidi baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sayyid Said bin Sultan na Wamarekani. Na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko Marekani, vya 1861 hadi 1865, vilipoikatiza nguo hiyo, nguo za Bombay zikashika nafasi yake.

Ama cherehani yenyewe, wengi huidhani kuwa ni chombo kilichobuniwa kwa ajili ya magauni na vitambaa laini, ilhali asili yake ni nguo za askari: Barthélemy Thimonnier, mshoni wa Kifaransa aliyepata hati ya ubunifu wake mwaka 1830, aliweka mashine zake mjini Paris zishone sare za jeshi, zikavunjwa na mafundi wa mkono waliochelea riziki yao, naye Isaac Singer, aliyepata hati yake Marekani mwaka 1851, alianza na mashine nzito za karakana. Ilipokusudiwa baadaye kuingia majumbani ndipo mashine ilipopunguzwa uzito na nguvu, nami naamini kwa dhati kuwa maradhi mengi ya cherehani za nyumbani chanzo chake ni kusahau kupunguzwa huko.

Kutoka kiwanda cha Kilbowie, Scotland, kilichofunguliwa mwaka 1885, kampuni ya Singer ilipeleka mashine zake nchi nyingi za ng'ambo, na hapa kwetu zikawekwa katika baraza za maduka ya nguo, mbele ya mafundi wa Kihindi na wa Kiswahili. Kanzu ya bafta haikuipa mashine taabu. Mtihani ulikuja na kaki, vazi la askari wa King's African Rifles, kikosi kilichoundwa mwaka 1902, kisha likawa vazi la makarani na la watoto wa skuli.

Kaptura ya kaki ina mahali panapokutana mishono minne, tabaka juu ya tabaka, na hapo sindano nyembamba hupinda, ikalikosa tundu lake, ikagonga chuma na kuvunjika, au, lililo baya zaidi, ikaisukuma ndoano ya chini itoke katika wakati wake. Maana ndoano hiyo hukidaka kitanzi cha uzi pale tu sindano inapoanza kupanda, na ikichelewa kidogo mshono huruka. Mafundi hodari hawakuingojea balaa hiyo. Waliitoa sindano namba 14 wakatia 16 au 18, wakaurekebisha mkazo wa uzi wa juu, wakarefusha hatua ya mshono; wakauponda mwinuko kwa nyundo na kuusugua kwa kipande cha sabuni; wakatia kitambaa kilichokunjwa nyuma ya mguu wa mashine usije ukaegemea upande mmoja; na walipofika penye unene wenyewe, waliondoa miguu katika kanyagio, wakalizungusha gurudumu kwa mkono, hatua moja moja, kwa subira ambayo mimi naiona kuwa ni ya ukoo mmoja na ile ya washona matanga. Mwanagenzi alikatazwa kabisa kuivuta nguo, kwa kuwa kuipeleka ni kazi ya meno yaliyo chini ya mguu, na mvuto wa mkono ndio uipindao sindano.

Kaki humwaga vumbi jingi la pamba. Kwa hiyo kazi yake ilipokwisha, fundi alifungua bamba, akapiga brashi, akadondosha mafuta katika kila kiungo, akaiendesha mashine juu ya kitambaa kibovu mpaka mafuta yakome kutia doa, ndipo kanzu nyeupe iliporuhusiwa tena chini ya sindano.