Kampeni za kurudisha watalii Mombasa: zipi zilisaidia, zipi zilikuwa kelele?

Juzi nikiwa saiba, dogo mmoja wa form three aliniuliza eti matangazo ya utalii yanasaidia nini, si ni pesa za serikali kutupwa baharini tu? Nikaona niyaandike hapa kila mtu asome.

KISA CHENYEWE
Septemba 2013 Westgate, Nairobi, ilishambuliwa. Mei 2014 Uingereza ikawaonya raia wake wasije kisiwa cha Mombasa na ufuo wa kuanzia Mtwapa hadi Tiwi. Mamia ya wageni wakarudishwa kwao kwa ndege likizo haijaisha. Mwezi uliofuata ikawa Mpeketoni. Watalii wa Kenya nzima walikuwa kama milioni 1.8 mwaka 2011; 2015 wakabaki kama milioni 1.2.

Sisi hatukuhitaji takwimu. Binamu yangu alikuwa weita kwenye hoteli moja Bamburi. Akaambiwa aende "likizo bila malipo", simu ya kumrudisha haikupigwa. Muuza samaki, dereva wa tuktuk, mchonga vinyago, wote waliumia.

KAMPENI
1. #WhyILoveKenya (2015). Watu wa kawaida waliombwa kuweka picha na kusema kwa nini wanaipenda Kenya. Safi, tena bei rahisi. Lakini mzungu hata akipenda picha yako, serikali yake ikisema usiende, bima yake huenda isimlipe. Atakuja vipi?

2. #SomeoneTellCNN (Julai 2015). Hii hakuna ofisi iliyoipanga. Obama akiwa njiani kuja, CNN ikatuita kitovu cha ugaidi. Wakenya wakaishukia Twitter kwa hasira na vichekesho. Agosti bosi mmoja wa CNN akafunga safari hadi Nairobi kuomba radhi. Tangazo la bure kabisa!

3. Ndege za kukodi (2016). Serikali iliziondolea ada ya kutua ndege zinazoleta watalii Mombasa, na kutoa dola 30 kwa kila abiria. Watoto chini ya miaka 16 wakaondolewa ada ya viza. Haina mbwembwe, lakini inagusa mfuko.

4. Tembea Kenya. Hapa walioalikwa ni sisi wenyewe. Madaraka Express ilipoanza 2017 kwa shilingi 700 kutoka Nairobi, watu wa bara waliteremka na familia zao. Zamani hoteli zingine zilimwangalia Mkenya kama amepotea njia. Siku hizo akawa "karibu sana boss".

MAONI YANGU
Onyo la Uingereza kwa Mombasa lililegezwa 2015, ndipo mialiko ikaanza kuwa na maana. Kufikia 2019 watalii walipita milioni 2. Corona ilipofunga anga Machi 2020, ni mwenyeji tena aliyeanza kurudi hotelini.

Kwa hivyo dogo, tangazo ni hodi tu. Usalama na nauli ndivyo vinavyofungua mlango. Na kampeni inayomsahau mwananchi itakwama siku mgeni akiogopa.

Binamu yangu sasa anauza viazi karai Mtwapa, anasema hotelini harudi. Wewe ungemshauri nini? Tiririka hapo chini, lakini bila matusi.