Nachingwea–Dar es Salaam: umbali na muda wa safari

Nachingwea, makao makuu ya wilaya ya Nachingwea mkoani Lindi, iko kusini mwa Dar es Salaam kwa takriban kilomita 388 za anga, sawa na maili za baharini 209. Kwa barabara umbali huo hufikia karibu kilomita 600.

Umbali wa anga

Umbali wa anga hupimwa kwa kufuata njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia. Kiwanja cha ndege cha Nachingwea kipo karibu na latitudo 10.36° Kusini na longitudo 38.78° Mashariki, cha Julius Nyerere, Dar es Salaam, kipo karibu na 6.88° Kusini na 39.20° Mashariki. Tofauti ya latitudo peke yake huzaa kilomita 385 hivi, na ya longitudo kilomita 47 tu. Kwa hiyo ndege huelekea karibu kaskazini moja kwa moja. London na Paris zimeachana kwa umbali unaokaribia huo, kilomita 340 na ushei.

Muda wa kuruka

Ndege ndogo ya aina ya Cessna Caravan, iendayo kilomita 340 hivi kwa saa, huhitaji dakika 68 kuumaliza umbali huo. Ukiongeza muda wa kupaa, kushuka na kutembea uwanjani, safari hukaribia saa 1 na dakika 20. Ndege kubwa ya pangaboi kama Dash 8-400 ina mwendo karibu maradufu, lakini katika safari fupi sehemu kubwa ya muda huishia kwenye kupaa na kushuka. Hivyo hukadiriwa kutumia karibu saa 1. Upepo nao una sehemu yake: Caravan ikikabiliwa na upepo wa kilomita 30 kwa saa, dakika 68 huwa 75.

Njia ya barabara

Barabara huwa ndefu kwa sababu hufuata pwani. Kutoka Dar es Salaam hupita Kibiti, huvuka mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, kisha hupita Somanga, Lindi na Mingoyo kabla ya kugeuka magharibi kuingia bara hadi Nanganga na Nachingwea. Kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, safari huchukua saa 10. Masika huweza kuirefusha: Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata barabara hiyo eneo la Somanga. Treni nayo si mbadala: reli ya Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Safari nzima

Msafiri anayepanda ndege Mtwara, kilomita 154 za anga mashariki mwa Nachingwea, hana budi kuongeza karibu kilomita 200 za barabara. Anayetoka kata ya Nambilanje, wilayani Ruangwa, huanza kwa kufika Ruangwa mjini, ulio takriban kilomita 40 za anga kutoka Nachingwea. Hivyo muda wa kuruka ni sehemu ndogo tu ya safari. Saa hazibadilishwi, kwani Tanzania nzima hutumia Saa za Afrika Mashariki.